Babu, Nipakatue

Wasikilizaji wapenzi, hamjambo? Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba. Najua mmeniamkia, ni vile tu redio haileti sauti upande wangu. Karibuni katika mazungumzo yetu ya jioni. Kama chai ipo karibu, jimiminie. Kama bado uko kazini, punguza sauti kidogo mkubwa wa kazi asisikie, lakini tafadhali usizime.

Leo nimekuja kwenu kama babu, na habari yangu ni vinywa vya wajukuu. Nazungumzia watoto wa miaka miwili, mitatu, minne, na namna wanavyosema. Mtu mzima akiwasikia hucheka mpaka akajifuta machozi, kisha humtafuta jirani amsimulie, na jirani naye huongeza la mjukuu wake, na kahawa inapoa hapo hapo.

Nianze na la kwangu. Mjukuu wangu mmoja wa kike alipofundishwa kuamkia, alifundishwa sawasawa: ukimwona mkubwa, sema shikamoo, naye atasema marahaba. Basi kila akija kwangu, “Kamoo!” Nami, “Marahaba.” Kesho yake tena, “Kamoo!” “Marahaba.” Siku moja akaniona naingia na baiskeli yangu kutoka sokoni, akakimbia uani kumpasha habari bibi yake: “Bibi! Bibi! Marahaba amekuja!”

Kumbe siku zote alidhani ninajitambulisha. Hebu fikirini wenyewe. Unamsemesha mtu, naye kila unapomsemesha anakujibu neno moja lilelile. Utadhani nini, kama si kwamba hilo ndilo jina lake? Mpaka leo hapa Tanga, barabara yetu nzima, mimi ni Babu Marahaba, na hata muuza mkaa ameshalidaka. Na huyohuyo mtoto alimwamkia mbuzi wa jirani. Akasubiri. Akaamkia mara ya pili, kwa sauti zaidi. Kisha akarudi ndani amenuna: yule mbuzi hana adabu.

Sasa niwaulize, na swali hili mlishike mpaka mwisho: mtoto anaposema vibaya, kweli anasema vibaya? Mimi nasema hapana. Nasema mara nyingi anasema kwa hesabu zake mwenyewe, na hesabu zake ni safi kuliko zetu.

Tuanze na matamshi, maana hapo ndipo kila nyumba ina lake. Gari ni “gali”. Shangazi ni “sangazi”. Mwenzangu mmoja wa barazani, mjukuu wake alikuwa akiita kuku “tuku”. Sasa wakubwa tukiona hivyo tunafanya nini? Tunamuiga. Tunaona ndiyo mapenzi. Mwenzangu naye akamwambia, “Ona, tuku yule pale.” Mtoto akakasirika. “Siyo tuku! Tuku!” Mzee akasema, “Ndiyo, tuku.” Mtoto akakaribia kulia. “Siyooo! Tuku!” Mzee akakuna kichwa, akajaribu, “Kuku?” Uso wa mtoto ukafunguka. “Eee! Tuku.”

Mmeisikia hiyo? Mtoto anajua kabisa kwamba yule ndege ni kuku. Sikio lake halina tatizo; ni ulimi ndio haujafika. Na babu anaposema “tuku” makusudi, mtoto anaona babu ndiye hajui kusema. Huko Marekani wataalamu wawili, Jean Berko na Roger Brown, waliandika kisa cha namna hiyohiyo mwaka 1960. Mtoto mmoja alikuwa na samaki wa plastiki wa kujazwa upepo, na jina la samaki kwa Kiingereza lilikuwa linamshinda sauti ya mwisho. Wakubwa walipomrudishia jina hilo kwa kosa lake, alilikataa katakata. Walipolitaja sawasawa, akakubali, kisha yeye mwenyewe akalirudia kwa kosa lilelile. Bahari moja na nyingine, mtoto ni yuleyule.

Nasema tena, kwa wale waliochelewa kuwasha redio: ulimi wa mtoto unachelewa, sikio lake limeshatangulia.

Basi tuingie kwenye kisima chenyewe, sarufi. Msiogope, sitawapa mtihani. Mjukuu wangu wa kiume, yuko kwenye miaka mitatu na kitu, siku moja nilikuwa nimempakata tunaangalia mvua. Akaona wenzake wanaruka kwenye madimbwi. Akaanza kujinyonganyonga. “Babu, nipakatue.”

Nikasema, “Nikufanyeje?”

“Nipakatue! Nishuke!”

Wasikilizaji, nilicheka, lakini nilimweka chini haraka, maana neno lilikuwa limekamilika, halina hata ufa. Angalieni alivyolipata. Mlango unafungwa, unafunguliwa. Shuka inakunjwa, inakunjuliwa. Tundu linazibwa, linazibuliwa. Chakula kinapakiwa garini, kinapakuliwa chunguni. Basi aliyepakatwa akitaka kushuka afanyweje? Apakatuliwe! Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Hakulisikia kwangu, wala kwa bibi yake, wala redioni. Alilitengeneza palepale mapajani mwangu, kwa sababu alilihitaji. Wiki ileile, usiku, taa inamuumiza macho, akasema, “Bibi, washua taa.” Bibi yake akazima. Nani asingeelewa?

Na hapa ndipo ninaposhikwa na mshangao kila siku. Mtoto huyu hawezi kufunga kifungo cha shati, viatu anavaa kushoto kulia na kulia kushoto, lakini ameshakikamata kitasa cha lugha kinachogeuza tendo likarudi lilikotoka. Ukimuuliza amekijulia wapi, atakuambia anataka biskuti.

Mwingine anasema “sikuli uji”. Tunamcheka. Inatakiwa “sili”. Lakini jamani, anasikia nini kutwa nzima? Anakula, amekula, atakula, njoo kula. Hiyo “ku” ipo kila mahali, halafu sisi wenyewe ndio tunaiangusha tunapokataa, bila kumuarifu. Au anakuita, “Babu, kuja!” Mbona anakuja, atakuja, amekuja, na wewe tu ndiye wa “njoo”? Na hilo la “kuja” nawaomba tulipunguzie makali, maana ndugu zetu wa Nairobi wanalisema hata wakiwa na mvi, na mabasi yao yanafika salama.

Halafu kuna wale wanaoanza kuunga maneno, wa “taka maji” badala ya “nataka maji”. Mtafiti mmoja, Kamil Ud Deen, aliwarekodi watoto wadogo wa Nairobi wakizungumza Kiswahili, na mwaka 2005 akatoa kitabu kizima juu ya namna watoto wanavyoipata lugha yetu. Aliona kwamba mara nyingi watoto huangusha vile vipande vya mwanzo wa kitenzi, cha kumtaja mtendaji na cha kutaja wakati. Bibi zetu walijua hayo bila kinasa sauti, ni kweli. Lakini nafurahi kwamba kuna mtu mzima aliyekaa chini na mashine yake, akaona “taka maji” ni jambo la kuandikiwa kitabu.

Jean Berko yuleyule, mwaka 1958, alifanya jambo ninalolipenda zaidi. Alichora kiumbe mfano wa ndege, akakipa jina ambalo halipo duniani, akawaambia watoto: huyu ni mmoja, sasa wako wawili, wako nini? Na watoto wakampa wingi wa neno ambalo hawajapata kulisikia maishani. Hawakukariri, kwa sababu hakukuwa na cha kukariri. Walikuwa na kanuni kichwani.

Wakubwa mnaosema “sisi tulikuwa hatusemi hovyo”, ngojeni. Kitabu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na hiyo “ki” ilikuwa sehemu ya neno lao. Sisi tukaisikia kama “ki” ya kiti na kisu, tukasema vitabu. Kule mitaani madereva wanaambiwa na kibao cha Kiingereza wakae kushoto kwenye mzunguko. Tukapata kipilefti, na viwili ni vipilefti. Na baiskeli zetu za Tanga zina madigadi mbele na nyuma. Ukipoteza la mbele unabaki na digadi moja. Nani aliyefanya hayo? Ni watu wazima, wenye ndevu na kanzu. Walisikia kama mtoto anavyosikia, wakapanga kama mtoto anavyopanga, na leo yanasemwa na kila mtu. Kwa hiyo anaposema “nipakatue”, mimi simwoni kama mtu aliyekosea Kiswahili. Namwona kama mtu aliyekizoea.

Tuendelee, maana utamu mwingine uko kwenye maana. Kiswahili chetu kina tabia ya kupiga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga picha, tunapiga magoti. Mtoto anatutazama. Siku moja nikasema, “Ngoja nimpigie simu mama yako.” Akauliza, “Simu imefanya nini?” Nikabaki na simu mkononi. Imefanya nini, kweli?

Au mchana nimejinyoosha mkekani, nasema usingizi umenishika. “Umekushika wapi?” Njaa inaniuma. “Ina meno?” Umeme ukikatika, mtaa mzima tunalalamika, yeye anakwenda kutafuta kamba, tuufunge. Sisi maneno haya tumeyatumia mpaka yamechujuka rangi kama kanga ya kufulia, hatuyaoni tena. Mtoto anayachukua yakiwa mapya, bado yana gundi ya dukani.

Na kesho! Nani hapa hajashindwa na kesho? Ulimwahidi kumpeleka pwani akaone mashua. Alipokuuliza lini, ukasema kesho. Asubuhi, kabla ya adhana kumalizika, yuko kando ya kitanda. “Babu, leo ndiyo kesho?” Unamwambia, hapana mwanangu, leo ni leo. “Lakini ulisema kesho.” Ndiyo, nilisema jana. “Sasa kesho imekwenda wapi?” Hapo ndipo babu huvaa kandambili zake akatafuta kofia, kwa sababu hoja imemwisha. Na usidhani utaokoka kwa kumwambia kesho kutwa, au mtondo, au mtondogoo. Huko unaongeza mashahidi wa upande wake.

Jioni kwetu tunategana vitendawili, kama nilivyotegewa na bibi yangu. Kuna utaratibu, mnaujua: kitendawili, tega, na ukishindwa unatoa mji. Mdogo wetu naye hakubali kuachwa nyuma.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Kuku wetu ana miguu miwili.”

Tunajifanya tunawaza. Huyu anasema baiskeli, yule anasema ngazi. Tumeshindwa. “Basi nipeni mji.” Nikampa Mombasa. Akatikisa kichwa. Bibi yake akampa Pemba, na marashi yake yote. Hataki. Unataka mji gani basi, bwana mkubwa? “Nataka kwa Mangi.” Kwa Mangi ni duka la pembeni pale, la vocha, sabuni na peremende. Tukampa duka zima la Mangi, na Mangi mwenyewe ndani. Akakaa vizuri, akatutolea jibu: “Ni kuku.”

Wengine watasema mtoto hajui kitendawili. Mimi nasema amejua kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Kupokezana anajua. Kusubiri anajua. Kudai haki yake anajua, na amechagua mji wenye faida. Kilichobaki ni kuficha jibu tu, na kuficha kutakuja kwenyewe. Tena kukija, wazazi wake ndio watakaonililia.

Sasa mtaniuliza, kwa nini mambo haya yanamfurahisha babu na bibi kuliko baba na mama? Baba na mama wanampenda mtoto, hakuna ubishi. Lakini saa kumi na mbili asubuhi daladala imejaa, sare haijakauka, na mtoto anaanza, “Mama, jua lina bibi?” Mama hana nafasi ya ukoo wa jua. Mimi ninayo. Ninayo mpaka adhuhuri.

Tena sisi tuna utani. Baba hataniani na mwanawe, lakini babu na mjukuu ni watani, mila imeturuhusu. Mjukuu wa kike ni mchumba wangu, na mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, mwizi wangu wa mchana. Tunasema hivyo tangu zamani tukicheka. Tatizo ni kwamba mtoto anaweza kukuamini. Usiku mmoja kijana wa “nipakatue” alikuja chumbani amekumbatia mto wake. Akasimama mlangoni. “Babu, wewe lala kwenye kochi. Ulisema bibi mke wangu.” Bibi yake, ambaye nilitegemea atanitetea, akasogea akampa nafasi. Nililala kwenye kochi.

Haya, tuje kwenye kucheka kwenyewe, maana hapa nina neno la kuwaambia wazazi, na babu wenzangu pia. Mtoto anapenda kuchekesha. Mtoto hapendi kuchekwa. Mnaona tofauti? Akisema neno, ukacheka ukimtazama usoni, ukamjibu, mazungumzo yakaendelea, huyo amekuchekesha, na kesho atakuletea jingine. Lakini akisema neno, ukamgeukia shangazi yake, “Hebu sikia anavyosema! Sema tena! Sema tena mgeni asikie!” huyo umemcheka. Utaona anaangalia vidole vyake vya miguu. Sitaki kuona mtoto anaangalia vidole vya miguu kwa sababu ya kusema.

Na zile simu zenu, nazo zipunguzeni. Kila mtoto akifungua kinywa, kamera iko puani, dakika tano baadaye yuko kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wasiomjua hata kwa sura. Neno la mtoto ni la nyumbani. Akikua akitaka kulitangaza, atalitangaza mwenyewe. Mimi hapa leo nimesema yao, lakini majina yao sijayataja, na hamtayapata.

Je, tusiwasahihishe? Wasahihisheni, lakini kwa kujibu. Akisema “sikuli uji”, mwambie, “Huli uji? Basi utakula nini?” Amesikia, yamekwisha. Ulimi utafika wenyewe. Pia si kila ukimya ni wa kuchekea. Mtoto wa miaka miwili ambaye hasemi hata neno, au hageuki ukimwita kwa nyuma, mpelekeni hospitali wamwangalie masikio. Narudia: hospitali. Asipelekwe kwa mtu wa mtaani mwenye wembe kukatwa kimeo. Hilo nimelisema kwa ufupi, lakini nimelisema kwa uzito.

Nina ombi moja dogo kabla fundi mitambo hajanikata. Tafuteni daftari. Lile la kurasa themanini linatosha. Mtoto akisema neno lake, andikeni kama alivyolisema, msilinyooshe, na pembeni wekeni tarehe. Kule Urusi kulikuwa na mtunzi wa mashairi ya watoto, Kornei Chukovsky, aliyekusanya maneno ya watoto miaka nenda miaka rudi. Wazazi walimwandikia barua kutoka kila pembe: wangu kasema hivi, wangu kasema vile. Kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1928, kikachapwa tena na tena. Cha Kiswahili cha namna hiyo mimi ningekinunua hata kwa pesa ya nauli. Vitoto vya Pangani vinasemaje? Vya Lamu, vya Kigoma, vya Bukavu? Vile vya Muscat vinavyosikia Kiswahili cha bibi ndani na Kiarabu barazani vinachanganya vipi? Andikeni upesi, maana maneno haya hayadumu. Yule wa kuku sasa anakwenda shule, anasema kuku kama mimi na wewe, na ukimkumbusha “tuku” anakana.

Na hili la mwisho nimelisikia wiki iliyopita. Bibi anasema nikianza kuzungumza humu redioni, nikisema “hamjambo”, kijana wetu hujibu pale nyumbani, “Hatujambo!” Kisha anasubiri. Mimi naendelea na mambo yangu. Anajibu tena, anaiendea redio kwa karibu, simjibu. Amemwambia bibi yake kwamba babu wa redioni ana kiburi, si kama yule wa nyumbani.

Basi muda wetu umekwisha, fundi amesimama. Kwaherini. Na wewe uliye karibu na redio, nimekusikia, hamjambo wote? Biskuti ziko juu ya kabati, kwenye mkebe wa bluu. Muombe bibi akushushie. Usipande kiti.